Sentimita za Mguu Mzima

Chaani, Changamwe
27 Aprili 2025

Shangazi Milcah,

Shikamoo. Salamu zako zimefika pamoja na maharagwe, na Mama anasema Mungu akuongezee, ingawa gunia lenyewe mdogo wangu Brandon alilibeba kutoka barabarani akilalamika kana kwamba amebeba kasha zima la meli kutoka gati la Kipevu. Ana miaka kumi na sita, sauti ya mzee, mgongo wa mtoto mchanga. Mama hajambo. Presha yake imetulia tangu aache chumvi, na kwa hivyo sote humu ndani tumeachishwa chumvi bila kuulizwa. Baba yuko zamu ya mchana bandarini. Mvua imeanza kwa fujo, njia ya kwetu imekuwa bwawa, na malori yamepanga foleni hadi mlangoni pa kanisa.

Siku ya Pasaka ulinikaripia kwenye simu. Ulisema kila ukiniuliza habari za goti nakujibu "linaendelea vizuri," kisha nakimbilia kukuuliza habari za Malaba. Ukasema niandike, maana kwenye karatasi hakuna wa kukata simu. Haya basi, naandika. Mumeo, Mzee Munga, ameniahidi kuwa barua ataitia nyuma ya kiti cha lori pamoja na nazi zako, na utaipata siku atakayovuka mizani zote za barabarani salama.

Goti haliendelei vizuri, linaendelea polepole. Wewe unajua nilivyoumia mwezi wa kumi: niliruka kupiga mpira, nikatua juu ya mguu wa msichana wa upande wa pili, goti la kushoto likaingia ndani, likatoa mlio. Waliokaa benchi walilisikia. Tarehe tatu Desemba nikapasuliwa, daktari akachukua kano nyuma ya paja langu akaifanya kamba mpya ya goti. Sikukuambia yaliyofuata. Paja limenyauka, shangazi. Jalila, yule fizio anayenifanyisha mazoezi ya viungo, alilipima kwa futi ya fundi wa nguo, akakuta limepungua sentimita nne kuliko la kulia. Nilitazama ukutani ili asinione.

Sasa kazi yangu ni kulirudisha. Kila asubuhi nakaa kwenye kiti na kuinuka kwa mguu mmoja, bila mikono. Halafu nafunga tyubu ya lori kwenye mguu wa kitanda, navuta kwa kisigino. Halafu nabeba mtungi wa lita ishirini na kupanda ngazi ya mlangoni, napanda, nashuka, napanda, nashuka. Mama wa jirani aliniuliza kwa nini naingiza maji na kuyatoa tena, kwani yamekataliwa na nani? Na siku ambazo mfereji umekauka, Mama huyachota maji ya mazoezi akapikia, nami nabaki na mtungi mtupu.

Nataka nikuambie pia ninachokitaka, usije ukasema nilificha. Kiwanda cha mabati huku kwetu kina timu ya voliboli ya wanawake, na anayechukuliwa kwenye timu hupewa pia kazi ya kudumu. Kocha wao, Clifford, alikuwa ameshaniandika jina kabla sijaumia. Atachagua wachezaji tarehe kumi na sita Agosti. Nataka niwepo. Nina miaka ishirini na miwili na sijataka kitu kingine kama ninavyokitaka hiki.

Jambo moja linaniudhi. Baba hataki kuniona nikifanya mazoezi. Nikianza tu kukaa na kuinuka, yeye huchukua kofia akatoka. Mwambie kitu, ni kaka yako. Nawe niambie: ulipokuwa ukicheza netiboli ya kiwanda, uliwahi kuumia goti? Mlikuwa mkifanya mazoezi gani?

Mwanao,
Mweri


Malaba
11 Mei 2025

Mweri, mwanangu na mamangu,

Marahaba. Wewe uliyepewa jina la mama mzazi wangu, ukinipa shikamoo huwa nataka kuirudisha, lakini hii nimeipokea kwa sababu umenisumbua. Sisi hatujambo. Kibanda kinakwenda. Madereva wa pwani wakifika hapa mpakani wamechoka na ugali, wakinusa wali wa nazi kwangu wanashuka kwenye malori kama watoto wa shule. Munga alikwama kwenye foleni siku nne, na barua yako ikakaa nayo nyuma ya kiti ikinuka dizeli. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, nikicheka habari ya maji yaliyokataliwa.

Mama, paja kunyauka si aibu. Paja ni nyama, na nyama huja kwa chakula na kazi. Kula mayai na dagaa, na hayo maharagwe nimeyatuma ya kwako, si ya Brandon. Msikilize huyo Jalila. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe guu limetangulia kuvunjika, basi kilichobaki ni kusikia tu.

Babako mwache. Mtu akichukua kofia ana sababu zake.

Netiboli ni habari ya zamani. Nilicheza, nikaolewa, nikaacha. Mazoezi yetu yalikuwa kukimbia kuzunguka uwanja mpaka mwalimu achoke. Hayatakusaidia.

Ukimaliza kupanda na kushuka, mwambie mamako atie chumvi kidogo kwenye maharagwe. Kidogo tu.

Shangazi yako akupendaye,
Milcah


Chaani
15 Juni 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa mafua. Mzee Munga ametuhadithia jinsi ulivyopika wiki nzima huku umejifunga shuka shingoni. Huku ni wazima. Brandon amefeli hesabu na kusingizia kelele za malori. Mama ametia chumvi, akaionja, akalia kwa raha.

Alhamisi Jalila alinipima kwa mara ya kwanza kwa kuruka. Nakueleza vizuri uelewe, maana nitakuwa nakutajia nambari. Unasimama kwa mguu mmoja, unaruka mbele, unatua kwa mguu uleule, unatulia bila kuyumba. Anapima kwa futi umbali uliofika. Kwanza mguu mzima, halafu uliopasuliwa. Mguu mbovu lazima ufikishe tisini kwa mia ya mguu mzima. Chini ya hapo, anasema, goti linamtegemea mwenzake bila wewe kujua, na siku ukitua vibaya uwanjani linakatika tena. Aliwahi kumtibu binti mmoja aliyerudi uwanjani mapema, goti likakatika mara ya pili, na hasemi habari zake bila kuinamisha kichwa.

Mguu wangu wa kulia uliruka sentimita mia na arobaini na moja. Wa kushoto, tisini na sita.

Nilipiga hesabu papo hapo. Ni sitini na nane kwa mia. Nilikuwa nimejiona nina nguvu, shangazi! Naweza kukaa na kuinuka mara kumi na tano, mtungi naubeba kama mkoba. Lakini nilipotaka kuruka, mguu uliniuliza kama nina uhakika. Niliruka kama kuku aliyefungwa.

Jalila hakunivunja moyo. Kwa kawaida hataki mtu arudi kabla ya miezi tisa, na miezi tisa yangu inaisha Septemba. Lakini nikifikisha tisini mwisho wa Julai, amesema ataniandikia karatasi nianze mazoezi na timu. Clifford anaitaka karatasi hiyo ndipo aniweke kwenye uteuzi. Kwa hivyo nina wiki sita. Nimeongeza mazoezi ya kushuka kidogo kidogo kwa mguu mmoja, ya kusimama kwa ncha za vidole, na ya kutua: nashuka kutoka kwenye kreti la soda, nakunja magoti, natulia. Jalila anasema kila mtu hujua kuruka, kazi ni kutua.

Cindy, rafiki yangu tunayegombea naye nafasi moja, alikuja kunisaidia kuhesabu. Ananipenda, lakini nilimwona akitazama goti langu na kupiga hesabu zake.

Baba bado hutoka. Nawe swali la goti hukulijibu. Ulijibu la mazoezi tu.

Mwanao,
Mweri


Malaba
29 Juni 2025

Mama Mweri,

Marahaba, mafua yamekwisha. Brandon mwambie malori yalikuwepo hata babake alipokuwa akisoma, na hesabu alipata.

Sitini na nane si kidogo kwa mguu uliofunguliwa kwa kisu. Bandu bandu huisha gogo. Nimempa Munga akuletee tyubu nyingine mbili, moja ni ya gurudumu la mbele, ngumu kweli. Anza na ile laini. Usiwe na pupa ya kuvuta ngumu ili Cindy akuone.

Kuhusu Cindy, usimpigie hesabu za moyoni mwake. Mwenzako akitazama goti lako huenda anaomba lisiwe lake.

Nambari nimeziandika nyuma ya kalenda ya kibanda, 141 na 96. Niletee nyingine nizipange hapo. Wateja wananiuliza ni bei ya nini.

Leo sina mengi, mkaa umekolea na samaki wananingoja.

Shangazi Milcah


Chaani
27 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo sote, na natumaini nanyi hamjambo. Naandika haraka, lori linaondoka saa kumi.

Nimepita! Tisini kwa mia na zaidi kidogo. Mzima 128, mbovu 116. Jalila hakuwepo, alikuwa msibani Likoni, msaidizi wake ndiye aliyenipima, na karatasi imeshawekwa mhuri. Tarehe kumi na sita nitakuwa uwanjani. Mama amepika pilau. Clifford amenipigia simu mwenyewe.

Niombee.

Mweri


Malaba
6 Agosti 2025

Mweri mwanangu,

Sisi wazima. Salamu za nyumbani nitaziuliza siku nyingine, nisamehe.

Nimekupigia mara nne. Mara zote umeniandikia "niko mazoezini," hata saa nne ya usiku. Kwa hivyo naandika, na Munga nimempa amri: akupe mkononi, akae hapo kwenu mpaka umalize kusoma. Akitaka chai mpeni.

Nilikwenda kuziandika nambari zako nyuma ya kalenda. Juu pana 141 na 96. Chini yake nikaandika 128 na 116. Nikafurahi, nikarudi jikoni, nikageuza samaki, nikasimama na mwiko mkononi. Mama, huo mguu mzima umepatwa na nini? Juni uliruka mia na arobaini na moja. Wiki sita umekula mazoezi, kisha ukarudi nyuma sentimita kumi na tatu? Mguu mbovu umekwenda mbele, na hilo namshukuru Mungu, lakini haukufika tisini. Wewe ndiye uliyemrudisha mwenzake nyuma ili aungojee.

Sikuulizi kama ni kweli. Ningekuwa mtu mwingine nisingeona. Nimeona kwa sababu nami nilifanya.

Umeniuliza mara mbili, nami nimekukwepa mara mbili. Mwaka 1998 nilikuwa na miaka ishirini, nikichezea kiwanda pale Changamwe. Wiki sita kabla ya fainali goti langu la kushoto lilipinda mazoezini, likavimba kama papai. Nikapelekwa kwa mkandaji, akalikanda kwa mafuta ya nazi, uvimbe ukashuka. Mwalimu alinitaka nicheze lakini hakuwa mtu mbaya, alisema kwanza nichuchumae na kuinuka mara kumi mbele yake. Nilikwenda nimevaa sketi ndefu. Uzito wote nikautupa mguu wa kulia, nikachuchumaa mara kumi huku nikimchekea usoni. Akaniandika jina.

Asubuhi ya fainali nilimwita babako. Tsofa alikuwa na miaka kumi na minane. Nilimpa leso, kanga ya mamangu, nikamwambia anifunge goti kwa nguvu zake zote. Alikataa mara tatu. Mara ya nne nikalia, naye hakuweza kuniona nalia, akafunga. Robo ya pili nilidaka mpira, nikageuka, mguu ukabaki ulipokuwa. Tsofa alikuwa karibu na mstari. Yeye ndiye aliyenibeba mpaka nyumbani.

Sikucheza tena. Munga alinichumbia mwaka uliofuata, watu wakasema Milcah ameacha mpira kwa sababu ya ndoa, nami nikawaachia waseme, maana ilikuwa hadithi nzuri kuliko yangu. Leo nina miaka arobaini na saba na nikichuchumaa kuwasha mkaa nashika ukuta ndipo niinuke. Munga ananiona nashika ukuta kila siku, ananiuliza, namwambia ni uzee. Ndivyo ninavyoishi naye.

Sasa unajua kwa nini babako huchukua kofia. Anaona goti langu kwenye mwili wako.

Mwanangu, siwezi kukuzuia. Karatasi ina mhuri, na mimi niko mwisho mwingine wa nchi. Clifford haoni ninachokiona, na Jalila alikuwa msibani. Anayejua ni wewe na mimi. Nakupenda kuliko hiyo timu inavyoweza kukupenda, na kwa sababu hiyo nakuambia waziwazi: huko unakokwenda mimi nilishafika.

Shangazi yako,
Milcah


Chaani
9 Agosti 2025

Shangazi,

Nimesoma. Mzee Munga amekunywa vikombe viwili vya chai akiningoja.

Mweri


Chaani
24 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mama hajambo, Brandon hajambo, Baba hajambo. Nasema hivyo kwanza upumue.

Nilikuchukia siku mbili. Nilisema huyu amekaa Malaba anakaanga samaki, ananitazama kupitia kalenda. Niliichana barua yako, halafu nikaiunganisha kwa selotepu. Siku ya tatu nikaamka mapema, nikachora mstari wa chaki uani, nikaruka kwa mguu wa kulia kama ninavyoweza. Nikapima. Sikupenda nilichokiona, nikavaa nikaenda kwa Jalila kabla hajafungua mlango.

Ni kweli, yote. Wala sikupanga. Naapa. Yule msaidizi alisema anza na mguu mzima, nami nikiwa hewani nikajikuta najizuia, kama mtu anayeonja mchuzi badala ya kuunywa. Alipotaja 128 nilijua ningeweza kusema "hiyo sikuruka vizuri, turudie." Nikanyamaza. Kunyamaza ndiko nilikopanga.

Nilimwambia Jalila hivyohivyo nilivyokuandikia. Alikuwa ameshika funguo. Alikaa kwenye ngazi, akaniambia nikae. Nilidhani atanigombeza. Akasema, "Wallahi, Mweri, ungekatika ningeambiwa mimi ndiye niliyekupa ruhusa, na ningeamini." Alikuwa na machozi, na hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli. Karatasi aliichana vipande vinne. Kisha akanipima upya. Mzima 144, mbovu 118. Themanini na mbili kwa mia.

Kwa Clifford nilikwenda mwenyewe kwa miguu. Yeye hakulia, alikasirika. Alisema nimempotezea muda na nafasi, kwamba angekuwa ameshamwita mchezaji mwingine kutoka Kisauni. Nikamwambia Cindy yupo na anapiga vizuri. Tarehe kumi na sita nilikwenda kutazama. Nilikaa kwenye matofali nje ya uwanja. Cindy alichaguliwa, akaja kunikumbatia, nikampongeza kwa moyo wote, halafu nikaenda nyuma ya choo cha uwanja nikalia mpaka pua ikaziba. Shangazi, inauma. Sitakudanganya tena hata kidogo: inauma kuliko kisu cha daktari.

Clifford aliponiona naondoka aliniambia wanaongeza wachezaji wawili mwezi wa kwanza. Hakusema nije. Alisema tu wanaongeza.

Na Baba. Nilimwambia kwamba nimeijua habari ya leso. Alikuwa anavua viatu vya kazini. Akabaki na kiatu kimoja mkononi, mpaka Mama akatoka jikoni kutazama kuna nini. Baba akasema, "Nilimfunga kwa nguvu sana. Mpaka leo nadhani labda niliifunga vibaya." Nikamwambia hakuna leso duniani inayoshika kano ya goti, Jalila amenifundisha. Asubuhi yake nilipoanza kukaa na kuinuka alibaki. Sasa ananihesabia, tena ananiibia, nikifika kumi yeye anasema nane.

Jalila nimemweleza habari zako, nisamehe. Anasema goti la miaka arobaini na saba nalo lina paja juu yake, na paja halijui kalenda. Anza na kiti kirefu, kwa miguu yote miwili, mara tano, asubuhi na jioni. Usishike ukuta. Wiki ijayo mara nane. Nitataka nambari.

Mwanao mkosaji,
Mweri


Malaba
14 Septemba 2025

Mamangu,

Marahaba, marahaba mia. Barua yako nimeisoma nikiwa nimeketi juu ya gunia la mchele, na mteja mmoja akaondoka bila kula kwa kuwa sikumwona.

Mimi sikuweza kufanya ulichokifanya. Nilikuwa na wiki nzima ya kumwambia mwalimu yule, na nilikuwa nampita njiani kila siku. Basi usijiite mkosaji kwenye barua zangu. Lia ukitaka, matofali na choo vipo, lakini ukimaliza nawa uso ukapande ngazi na mtungi wako.

Tsofa alinipigia simu. Miaka ishirini na saba hatujalitaja jambo hilo, na hata juzi hatukulitaja. Aliniuliza bei ya mahindi. Tukazungumza mahindi nusu saa, na sote wawili hatulimi. Nilipokata simu nilijisikia mwepesi.

Nambari zangu ni hizi, na ukicheka nitajua: siku ya kwanza mara mbili, na ya pili niliangukia kiti. Sasa nimefika sita. Munga alinikuta jikoni nakaa na kuinuka, akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikamwambia ukweli, wote, tangu sketi ndefu. Akasema alikuwa anajua si uzee, uzee hauchagui mguu mmoja. Amenitengenezea kiti kwa mbao za kreti, kirefu, hakitikisiki.

Mwezi wa kwanza si mbali, wala si karibu. Tisini haitakuja kwa kukodolewa macho. Kula mayai.

Shangazi yako mwanafunzi,
Milcah


Chaani
1 Februari 2026

Shangazi yangu wa pekee,

Shikamoo. Samahani kwa kimya changu, nilingoja niwe na nambari ya kukuletea. Mzee Munga alikuwa akipakia makasha ya Kampala wiki mbili mfululizo, nami sikutaka kuituma barua kwa dereva mwingine. Huku tunachemka kwa joto. Mama amekonda akapendeza. Brandon amepata hamsini na tatu ya hesabu na anatembea kama profesa. Baba yuko likizo, na anamchosha kila mtu.

Jalila alinipima tarehe sita Januari. Alipima mguu mzima mara tatu, akanitazama usoni kila mara, hata nikacheka. Niliruka kwa roho yangu yote. Mzima 151. Mbovu 141. Tisini na tatu kwa mia, miezi kumi na mitatu tangu kisu. Aliniambia, "Huu sasa ni mguu," akaandika karatasi mpya taratibu, kwa mwandiko wa kupendeza kama wa kadi ya harusi. Clifford aliisoma mbele yangu, akaigeuza kutazama nyuma, akasema nije Jumatatu na viatu.

Kwa hivyo mimi ni mchezaji wa akiba, nambari kumi na tatu, na kuanzia mwezi wa tatu nitakuwa kwenye idara ya upakiaji. Lakini sikuandikii kwa ajili ya hilo.

Jana tulicheza mechi ya kwanza ya msimu. Seti ya tatu tulikuwa tunafungwa vibaya, Clifford akaniita. Niliingia. Baba alikuwa amesimama karibu na mstari, mikono mgongoni. Mpira wa kwanza haukuja kwangu, wa pili haukuja, nikashukuru. Wa tatu Cindy aliupokea nyuma, mpangaji mipira wetu akauinua juu kabisa upande wangu. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuufuata.

Nikakimbia hatua tatu nikaruka. Nikiwa juu niliogopa, shangazi. Niliogopa vibaya, mpaka mpira wenyewe niliupiga ovyo, ukagonga mikono ya wapinzani, ukarudi kwetu ukaanguka. Wakapata pointi. Na mimi nikatua. Nilitua kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa, nikatulia, sikuyumba hata kidogo. Nikasimama pale kama niliyesahau mchezo unavyoendelea, mpaka refa akanipigia filimbi nirudi mahali pangu.

Tulifungwa seti hiyo, na mechi pia. Nilianza kulia kabla hatujapeana mikono na wapinzani. Cindy akanishika mabega akaniambia, "Usilie Mweri, ni mechi moja tu, tutawafunga siku nyingine." Nikaitikia kwa kichwa. Sikuweza kumweleza kwamba nalia kwa vile nilivyotua, na kwamba sikumbuki hata tulifungwa ngapi.

Wako,
Mweri